Kipimo cha Mfuto: Hotuba kwa Wapigaji wa Bunduki za Kushindilia

Mwenyekiti, wazee wa uwanja, mabibi na mabwana, na ninyi vijana mnaoshika mdeki, ile fimbo ya kushindilia baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu, kwa mara ya kwanza msimu huu: asanteni kwa kunipa nafasi ya kusema nanyi kabla zamu hazijaanza.

Nimeombwa nizungumzie upimaji wa baruti. Nimekubali kwa moyo mmoja, maana hakuna jambo ninaloulizwa mara nyingi kuliko hili, na swali lenyewe huja karibu kila mara kwa sura moja: "Mzee, niweke greini ngapi?" Nikimjibu, mtu huondoka ameridhika. Baada ya wiki tatu amerudi na karatasi yake mkononi, matundu yametapakaa vilevile. Hesabu niliyompa haikuwa na kasoro. Kasoro ni kwamba hakuipima. Aliikadiria, kila mara kwa namna nyingine, huku akiamini kwamba anapima.

Kwa ajili ya wageni wetu nieleze kwanza hiyo greini. Ni kipimo cha uzito, kidogo mno. Ratili moja ina greini 7,000, na gramu moja ina greini 15 na nusu kasoro kidogo. Basi tukisema bunduki hii inapenda greini 70, tunasema gramu nne na nusu za baruti. Lakini uwanjani hakuna anayepima uzito. Tunapima ujazo, kwa kile kichupa cha shaba chenye kijiti cha kuvuta na mistari ya namba ubavuni. Namba zile zinasema greini, ilhali chombo kinapima nafasi. Hapo ndipo mambo yanapoanza kwenda kombo.

Baruti nyeusi ni shura, makaa na kiberiti, yaani salfa: kwa kila mafungu 100, shura 75, makaa 15, kiberiti 10. Vimesagwa pamoja, vikashindiliwa vikawa donge, kisha donge likavunjwa na kuchekechwa likawa punje. Punje hizo hazifanani. Zina pembe, zina ncha, nyingine bapa, nyingine kama kokoto. Ukizimimina, zinaegemeana hovyo na kuacha hewa katikati. Ukigonga chombo kwa ukucha, zinajipanga, zinashuka, na juu panabaki nafasi ya punje nyingine kadhaa. Chombo ni kilekile, mstari uleule, lakini sasa kimebeba uzito mwingine.

Nitawaambia yaliyonipata. Nilikuwa na bunduki ya fataki, ile inayowashwa kwa kifuniko kidogo chenye mlipuko, yenye mtutu wa upana wa inchi 0.50, na kipimo nilichokifunga kwenye 70. Nilikuwa nimeipiga kwa misimu miwili, nikijihesabu kuwa mtu makini. Siku moja nikaazima mizani ya kupimia baruti, nikaketi mezani, nikamimina mara kumi kwa namna ileile ninayomimina uwanjani, na kila mmimino nikaupima na kuuandika. Mwepesi kuliko yote ulikuwa greini 67 na kitu. Mzito kuliko yote ulizidi 71. Niliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Kisha nikaanza kumimina tena, safari hii nikiitazama mikono yangu badala ya mizani.

Mikono ilisema yote. Mara pembe ya kubebea baruti niliiinamisha sana, punje zikaanguka kwa kishindo. Mara niliiinamisha kidogo, zikatiririka taratibu. Mara niligonga chombo kwa ukucha mara mbili, mara tano, mara nikasahau. Kuna wakati nilikata juu kwa kifuniko chenyewe, na kuna wakati nilitazama tu kwa jicho nikasema panatosha. Sasa nikachagua njia moja: kumimina taratibu mpaka baruti ifanye kilele juu ya mdomo, kugonga mara nne kwa ukucha wa kidole kimoja, kisha kufuta kwa kifuniko kwa mwendo mmoja. Nikarudia mara kumi. Tofauti kati ya mmimino mwepesi na mzito ikashuka chini ya greini moja. Chombo sikukibadilisha, wala baruti, wala meza.

Lugha yetu ina maneno ya jambo hili tangu zamani, nayo yananifurahisha. Tuna kipimo cha mfuto, kilichokatwa sawasawa na mdomo wa chombo, na tuna kipimo cha kilele, kilichorundikwa mpaka kikafanya mlima. Waliotuachia maneno haya walijua kwamba chombo kimoja kinatoa vipimo viwili kulingana na mkono unaokijaza. Baruti ipimwe kwa mfuto. Na mfuto huo uwe wa namna moja leo, kesho na mashindano yajayo.

Gonga au usigonge? Watu wamebishana kuhusu hili mpaka jua likatua. Mimi nasema usigonge kabisa, au gonga kwa idadi uliyoihesabu. Vyote viwili vinafaa. Kinachoharibu ni kugonga leo na kusahau kesho. Nimewahi kumwona bibi mmoja, mpigaji hodari, ambaye hagongi hata mara moja, na kundi lake la matundu unalifunika kwa kiganja. Mkono wake haubadiliki, basi.

Jambo jingine la chombo: namba za vipimo viwili vilivyotengenezwa na watu tofauti hazilazimiki kukubaliana. Kipimo chako kikisema 70 na cha jirani kikasema 70, huenda mmebeba mizigo miwili. Hata punje zinahusika. Herufi za F kwenye kopo huonyesha ukubwa wa punje: baruti ya FFFg ni laini kuliko FFg, inaungua haraka zaidi na kuleta shinikizo kubwa zaidi. Anayehama kutoka FFg kwenda FFFg kwa kawaida huanza kwa kupunguza angalau sehemu moja ya kumi, kisha anapanda polepole huku akitazama karatasi. Na kopo jipya likifunguliwa, hata kama ni la aina ileile, rudini mezani mkaanze upya. Usiseme "ni ileile ya mwaka jana."

Sasa niwaambie jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda, hasa mliokwisha kununua mizani za gharama. Kwa umbali wa mita 50, greini moja ya baruti haimharibii mtu shabaha. Tufanye hesabu pamoja. Goroli ya risasi inatoka kwa kasi ya karibu mita 500 kwa sekunde. Kufika mita 50 inatumia kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Katika muda huo mvuto wa dunia unaishusha kama sentimita tano. Ukikosea baruti kiasi cha kuipunguza kasi kwa asilimia mbili, goroli itashuka zaidi kwa milimita mbili hivi. Milimita mbili! Ongezeni kidogo, maana bunduki inaanza kuinuka begani kabla goroli haijatoka mdomoni, na baruti ikibadilika, kuinuka nako kunabadilika. Lakini hata ukiongeza hivyo, ile karatasi yenye matundu yaliyotawanyika kama kiganja kilichokunjuliwa haielezwi na greini moja.

Basi kwa nini nimewasimamisha hapa kuzungumzia kipimo? Kwa sababu mpigaji anayebadilisha mkono kwenye kipimo, ataubadilisha na kwenye mdeki, na kwenye kiraka cha kitambaa kinachozungushiwa goroli, na kwenye kusafisha. Kipimo ndicho mahali pekee ambapo unaweza kuukamata mkono wako kwa mizani na kuuona ukweli wake. Kule ndani ya mtutu hakuna mizani.

Niwapeleke huko ndani ya mtutu, maana huko ndiko matundu mengi yanakopotelea. Umepima vizuri, umefuta vizuri, unaimimina baruti mdomoni mwa mtutu. Mtutu umekwisha piga mara nne. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi haigeuki gesi. Inabaki yabisi, nyingine ikitoka kama ule moshi mweupe tunaoupenda, nyingine ikiganda ukutani kama gaga. Noble na Abel, wataalamu wawili wa Uingereza waliochunguza jambo hili katika karne ya 19 kwa kulipua baruti ndani ya vyombo vya chuma vilivyofungwa, waliona kwamba gesi ni kama asilimia 43 tu. Hayo mabaki yanavuta unyevu wa hewa. Ukuta wa mtutu unakuwa mbichi, unanata. Baruti uliyoipima kwa uangalifu inateremka ikiugusa ukuta huo, na sehemu yake inanata njiani. Chini haifiki yote. Umepima 70, umepiga 68, na hujui.

Dawa yake ni faneli yenye mrija mrefu, unaoshuka mpaka karibu na chini. Baruti inapita ndani ya mrija mkavu na kutua mahali pake. Mrija mrefu una faida ya pili: punje zikianguka kutoka juu taratibu, zinajipanga vizuri zaidi, tena kwa namna moja kila mara. Wapigaji wa masafa marefu hawaachani nao. Nawashauri na ninyi msiache, hata wa mita 50.

Kisha inakuja goroli ndani ya kiraka chake kilichopakwa mafuta, na mdeki. Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Neno letu la kujaza bunduki ya namna hii ni kushindilia, nalo wengi wanalichukua kwa nguvu zao zote. Nimemwona kijana akiushika mdeki kama mchi, akautwanga chini mara sita, mara nane, mpaka ukadunda. Mwanangu, kila pigo linavunja punje, na punje iliyovunjika imekuwa baruti nyingine, laini zaidi, yenye kuungua haraka zaidi. Umebadilisha kipimo chako baada ya kukipima. Goroli pia inabonyea usoni. Sukuma kwa mwendo mmoja thabiti mpaka uhisi imekaa juu ya baruti, kisha kandamiza kwa uzito uleule wa mkono, basi. Wapo wanaoweka mizani ya kukandamizia juu ya mdeki ili wajue wamebonyeza kilo ngapi. Kwa anayejifunza, hilo ni jambo jema sana.

Tieni alama kwenye mdeki. Mtutu ukiwa safi, na kipimo chako cha kawaida kikiwa ndani pamoja na goroli, chora mstari mwembamba pale mdeki unapokutana na mdomo wa mtutu. Mstari huo unasema mambo matatu. Ukisimama juu ya mdomo, goroli haijafika: gaga limeizuia, au umeweka baruti mara mbili. Ukizama, umesahau baruti au umeipunguza. Ukikaa sawasawa, endelea. Goroli iliyosimama njiani na kuacha nafasi ya hewa juu ya baruti si kasoro ya shabaha peke yake. Mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Naomba kila mtu uwanjani leo awe na mstari huo kabla ya mlio wa kwanza.

Kusafisha kati ya mlio na mlio: kiraka kimoja chenye unyevu, mara moja kushuka na mara moja kupanda, kisha kikavu. Kisiwe chepechepe, kwa sababu maji yatasukumwa chini mpaka kwenye njia ya moto, kile kitundu kinachopitisha moto wa kuwasha baruti, na baruti inayofuata itaungua nusu mbichi. Ninachosisitiza ni kwamba ukisafisha kila mlio, safisha kila mlio. Ukisafisha kila milio mitatu, iwe mitatu. Mtutu safi na mtutu mchafu ni bunduki mbili tofauti, na hutaki kupiga shabaha moja kwa bunduki mbili.

Baada ya kupiga, tembeeni mbele mkaokote viraka vyenu. Watu wengi hawafanyi hivyo, nami sielewi kwa nini, maana pale chini kuna barua uliyoandikiwa na mtutu wako. Kiraka kizuri kinarudi kizima, kina duara jeusi katikati lililoachwa na moto, na pembeni alama za mifereji ya mtutu. Kikiwa kimetoboka au kuungua, gesi imepita pembeni ya goroli, na hapo hata ukipima baruti kwa mizani ya sonara hutapata kundi. Tafuta kiraka kinene zaidi, au mafuta mengine. Kikiwa kimekatwa ukingoni, tazama mdomo wa mtutu, huenda una ncha kali.

Ila mkisogea mbali, hesabu inageuka. Tarehe 26 Septemba 1874, kwenye uwanja wa Creedmoor, Long Island, New York, Wamarekani sita walishindana na Waayalandi sita kwa yadi 800, 900 na 1,000. Waayalandi walikuwa na bunduki za kushindilia, Wamarekani za kujazia nyuma. Kila mtu alipiga mara 15 kwa kila umbali. Mwisho Marekani 934, Ayalandi 931. Pointi tatu katika siku nzima! Na Mwayalandi mmoja alikuwa amepiga katikati kabisa, lakini kwenye shabaha ya jirani, akapata sifuri. Sikuzote nikifikiria siku ile nawaza wale watu wa kushindilia na vipimo vyao. Kwa yadi 1,000 risasi inakaa angani sekunde kadhaa na kushuka makumi ya mita. Kasi ikipungua kwa asilimia moja tu, risasi inaangukia karibu nusu mita chini. Kwa umbali huo ile greini niliyoidharau kwa mita 50 inakuwa mfalme. Anayetaka kupiga mbali na apime kwa uzito, nyumbani, kipimo kimoja kimoja, na asione uchovu.

Na kupima nyumbani si jambo geni. Wapiga bunduki wa Ulaya wa karne ya 17 walivaa mkanda begani wenye vichupa vya mbao vinavyoning'inia, kila kimoja kikiwa na baruti ya mlio mmoja. Mara nyingi vilikuwa 12, na baadaye vikapewa jina la mitume. Leo mashindano ya kimataifa chini ya MLAIC, kamati ya kimataifa ya vyama vya wapigaji wa bunduki za kushindilia, yanataka jambo lilelile: mpigaji aje mstarini na vichupa, kila kimoja kipimo kimoja, wala si pembe nzima ya baruti. Anapiga milio 13 kwa nusu saa, na 10 bora ndiyo inayohesabiwa. Kichupa kina uzuri mmoja ambao watu husahau: hata baruti ikitikisika njiani na kushuka ndani yake, uzito uliokwisha upima haubadiliki. Chote kinaingia mtutuni.

Hapo kuna usalama pia, na hapa sitanii wala sibembelezi. Usimimine kamwe kutoka kwenye pembe au kopo moja kwa moja mtutuni. Mtutu uliotoka kupiga unaweza kubakiza cheche chini. Kipimo kimoja kikishika moto, utaungua mkono. Pembe nzima ikishika moto mkononi mwako, umekuwa umeshika bomu. Pili, baruti ya kisasa isiyo na moshi haingii katika bunduki hizi, hata punje chache, hata kwa kujaribu. Tatu, kwa wanaotumia mbadala wa baruti nyeusi kama Pyrodex: ni nyepesi kuliko baruti nyeusi, kwa hiyo pimeni kwa ujazo kama mtengenezaji anavyoagiza. Ukipima kwa uzito wa baruti nyeusi utakuwa umezidisha.

Sasa lile swali la awali, greini ngapi. Anza chini, ndani ya mipaka ya mtengenezaji wa bunduki yako. Piga milio mitano ukipima kwa namna moja, kwa kiraka cha aina moja, kusafisha kwa namna moja. Panda greini tano, piga mitano mingine kwenye karatasi mpya. Endelea hivyo. Utaona matundu yakikusanyika, yakikusanyika zaidi, kisha yakianza kutawanyika tena. Pale yalipokaribiana ndipo bunduki yako inapopapenda. Mara nyingi si pale penye kishindo kikubwa, na wengi hupapita kwa sababu walitaka bega lisikie. Bunduki yangu ya 0.50 ilitulia kwenye 65, wala si 70 niliyoipiga kwa misimu miwili.

Lakini zoezi hilo halina maana ikiwa mkono haujatulia. Ukiruka greini tano kwa kila hatua na mkono wako mwenyewe unayumba greini nne, utakuwa unasoma mayumbo ya mkono wako, si tabia ya bunduki.

Ndiyo maana nimeomba zamu ya kwanza icheleweshwe kwa nusu saa. Pale kwenye meza ndefu, mbali na mstari wa kupigia, tumeweka mizani mbili, vibakuli vya shaba, na karatasi zenye mistari kumi. Hakuna moto, hakuna sigara, na bunduki zote zibaki kwenye vishikio. Kila mtu aje na kipimo chake na baruti yake, amimine mara kumi kama anavyomimina kila siku, aandike. Kisha achague namna moja, amimine kumi tena, aandike pembeni. Walioanza mwaka huu watangulie. Mimi nitakuwa kwenye mizani ya kushoto.